Diwani wa Kata au wa Jiji Zima? Tuitazame Detroit ya Miaka ya 1950

Mwaka 1950 Detroit, jiji la Marekani, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, na asilimia 16 hivi kati yao walikuwa Wamarekani Weusi, wengi wakiwa wamevutwa na viwanda vya magari. Baraza la jiji lilikuwa na madiwani 9. Mweusi hakuwemo hata mmoja. Ubaguzi ulichangia, bila shaka, lakini namna ya kupiga kura nayo ilifanya kazi yake kimyakimya.

Tangu katiba ya jiji ya mwaka 1918, Detroit haikuwa na madiwani wa kata. Baada ya mchujo wa awali, kwenye uchaguzi wenyewe mpiga kura alipewa karatasi yenye majina 18, akachagua yasiyozidi 9, na kura zikahesabiwa kwa jiji zima. Aliyeongoza ndiye aliyekuwa rais wa baraza.

Walioleta mfumo huo walikuwa na hoja nzito. Baraza la awali lilikuwa na madiwani 42, wawili kwa kila kata, na kata nyingi zilikuwa chini ya wenye vilabu vya pombe na makada wa vyama. Diwani anayechaguliwa na jiji lote, walisema, hawekwi mfukoni na watu wa mtaa mmoja. Na kweli, mfumo huohuo ulimpandisha George Edwards, mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi wa magari, hadi kiti cha rais wa baraza, naye akazitetea waziwazi nyumba za umma za kupangisha.

Lakini kampeni ya jiji zima inataka fedha na jina linalojulikana. Mtaa wa watu wa kipato cha chini, hata ukipiga kura kwa umoja, unamezwa na hesabu ya jumla. Hilo lilidhihirika baada ya Edwards kushindwa umeya mwaka 1949. Mshindi, Albert Cobo, alitumia kura yake ya turufu kukataa viwanja 8 kati ya 12 vilivyopendekezwa kwa nyumba za umma, maana vilikuwa katika maeneo ya Wazungu. Wakati huohuo bomoabomoa iliingia Black Bottom, mtaa wa Weusi. Karibu familia 2,000, nyingi za wapangaji, ziliondolewa, na eneo likakaa tupu miaka kadhaa hadi watu wakalibandika jina la ekari za magugu. Kilichojengwa baadaye, Lafayette Park, hakikuwa cha watu waliohamishwa. Baadaye Hastings Street, njia kuu ya biashara zao, ikamezwa na barabara ya mwendo kasi. Ni diwani gani kati ya wale 9 angepoteza kiti kwa sababu ya Hastings Street?

Ningependa kuishia hapo na kusema kata ndiyo dawa. Chicago inanizuia. Kule miaka hiyo ya 1950 kulikuwa na kata 50, na diwani Mweusi wa kwanza, Oscar De Priest, alichaguliwa mwaka 1915. Hata hivyo, baraza lilipopewa mamlaka ya kuidhinisha viwanja vya nyumba za umma, desturi ikawa kumsikiliza diwani wa kata husika, na madiwani wa kata za Wazungu walikataa mmoja baada ya mwingine. Nyumba zikarundikwa kwenye mitaa ya Weusi. Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16, yaliyokamilika mwaka 1962, yalikuwa matokeo ya siasa hiyo.

Kwa hiyo miji miwili yenye mifumo tofauti iliwaumiza watu walewale. Bado nasimama upande wa kata. Mama anayepewa notisi ya kuhama anahitaji mlango wa kubisha, na mwenye mlango huo awe anaiogopa kura yake. Detroit ilimpata William Patrick, diwani wake wa kwanza Mweusi katika karne hiyo, mwaka 1957 tu. Iliporudia uchaguzi wa maeneo mwaka 2013, ilitenga viti 7 vya maeneo na kubakiza 2 vya jiji zima, na mchanganyiko huo naukubali. Ila nyumba za umma zijengwe wapi liwe jambo la kura ya baraza zima, hadharani. Diwani wa kata husika asikilizwe kwa makini, lakini asiwe na uwezo wa kuzuia peke yake.