Waburma hurithi babu, au hurithi deni la babu?

Katika nyumba nyingi za Waburma kuna nazi iliyotundikwa nguzoni, imefungwa kitambaa chekundu mfano wa kilemba. Mgeni huiona akasema: hawa wanaabudu mababu. Kumbe nazi ile ni ya Min Mahagiri, mhunzi ambaye masimulizi yanasema alichomwa moto na mfalme, na maji ya nazi humpoza majeraha. Ndiyo maana lazima iwe na kikonyo chake. Kikidondoka, au maji yakikauka, inabadilishwa. Nazi kavu haipozi kitu.

Wanaokataa jina la “ibada ya mababu” wana hoja nzito. Mahagiri si babu wa familia ile. Yeye ni mmoja wa nat 37, yaani pepo wanaotambikiwa na Waburma, na wengi wao walikufa “kifo kibichi”, yaani waliuawa au walikatishwa maisha kabla ya wakati wao. Inasimuliwa kwamba Anawrahta, mfalme wa Bagan, dola ya kale ya Waburma, kuanzia 1044, alishindwa kuwafuta, akawaweka katika pagoda ya Shwezigon chini ya Thagyamin, mkuu wa nat wote. Babu halisi akifa, mambo yake hushikwa na watawa wa Kibuddha. Siku ya 7 baada ya kifo watawa hualikwa na kulishwa kabla ya adhuhuri, kisha maji humiminwa tone kwa tone na thawabu kugawiwa, waliopo wakiitikia “thadu”, yaani vema, mara 3. Marehemu hali chakula kile. Anachopata ni kuifurahia thawabu, na asipoifurahia haimfikii.

Lakini hoja hiyo inaruka jambo moja kubwa: mizaing-hpazaing, nat wa upande wa mama na wa upande wa baba. Hawa hawachaguliwi, mtu huzaliwa nao. Sinia lao huwa na nazi mbichi katikati na chane 3 za ndizi kuizunguka, pamoja na tambuu na majani ya chai. Masharti nayo hurithiwa: waliorithi nat wawili ndugu wa kijiji cha Taungbyone hujitenga na nguruwe, kwa kuwa baba wa nat hao anasimuliwa kuwa Mwislamu.

Kwangu mimi, kinachoshuka katika damu ni deni la kumhudumia nat, wala si roho ya babu. Deni hilo huonekana wazi kwenye ndoa, maana bwana na bibi huja kila mmoja na nat wake. Upande mmoja ukisahauliwa, kisha mtoto akaugua, swali la kwanza la wazee ni sinia la nani halijaandaliwa.