Taa nyekundu saa kumi na moja alfajiri

Jumapili iliyopita nilikuwa natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Hannover, Ujerumani. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kukata masikio, barabara tupu, gari hata la dawa hakuna. Nikavuka taa ikiwa nyekundu. Ng'ambo alisimama bibi mmoja na kijibwa chake, wote wawili wanasubiri kijani. Bibi akanipigia kelele: “Wafikirie watoto!” Watoto gani, bibi? Saa hizo hata watoto wa wachawi wamelala.

Faini ya kosa hilo ni yuro 5, na polisi hakuwepo. Lakini bibi wa watu alikasirika kweli, mishipa ya shingo imemtoka kama vile nimempora pochi. Nikafika nyumbani nimenuna, na katika kununa huko nikamkumbuka Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa.

Nilisoma sosholojia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (mnaodhani kila mbeba boksi hakwenda shule, poleni). Nadharia ya uamilifu tuliikariri kwa ajili ya mtihani: hakuna jamii isiyo na uhalifu, na uhalifu una kazi yake. Mwaka 1895 Durkheim aliandika kwamba hata ukikusanya watakatifu watupu kwenye nyumba ya watawa, wizi na mauaji hutayakuta, ila kosa ambalo mtaani lingepita bila mtu kugeuza shingo, humo ndani litazua kashfa. Darasani tulicheka. Sikujua kwamba nitakuja kuishi nao, na mkosaji wao nitakuwa mimi.

Tulieni, najua mnachotaka kuandika: “Keshakuwa mzungu huyo, anatusimanga.” Sijasema Wajerumani ni watakatifu. Si mbali na hapa, Wolfsburg, ndiko makao ya Volkswagen, iliyokiri mwaka 2015 kwamba magari yake yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Gari likijua linapimwa, linajifanya safi. Likirudi barabarani, linatema. Na walioibuni programu hiyo, naweza kuweka mshahara wangu rehani, taa nyekundu wanasimama.

Wizi basi upo kwao na upo kwetu. Kinachonikosesha usingizi ni hasira yetu, inakokwenda na isikokwenda.

Mtaani kwetu Manzese, Dar es Salaam, kulikuwa na mtaro ulioziba. Mjumbe wa nyumba kumi alizunguka wiki tatu akiomba shilingi 2,000 kila kaya ufukuliwe. Huyu kasafiri, yule anaumwa, mwingine anauliza kwanza ile michango ya mwaka juzi ilikwenda wapi (na hapo alikuwa na hoja). Jioni moja ikasikika “Mwizi!” Kijana kakwapua pasi na ndoo mbili. Dakika hazikufika tano, mtaa mzima uko nje, wagonjwa wakiwemo. Tairi lilipatikana. Petroli ilipatikana, na hakuna aliyeuliza ya michango. Usiku ule watu walikaa barazani mpaka saa sita wakisimuliana, majirani waliokuwa hawasalimiani wakigawana karanga.

Durkheim alikwisha kuliona hilo tangu 1893: kashfa ikitokea kwenye mji mdogo, watu husimamishana njiani, hutembeleana, hukasirika kwa pamoja. Uhalifu unawakusanya wema. Sawa, mzee. Lakini mama yake yule kijana alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Yeye aliunganishwa na nani? Hapo ndipo nadharia hii inaponiudhi. Inahesabu waliobaki barazani tu.

Mtaniambia polisi hawaji, na mwizi akipelekwa kituoni kesho yake mnapishana naye sokoni. Najua! Nimelala miaka na panga chini ya godoro, msinifundishe Manzese. Ila mbona yule aliyekula fedha za barabara nzima tunampangia meza ya mbele harusini, na kamati ya harusi inamwandikia kadi ya kwanza? Merton, mwanasosholojia Mmarekani, aliandika mwaka 1938 kwamba jamii ikimhimiza kila mtu atajirike huku njia halali ni za wachache, wapo watakaoling'ang'ania lengo na kuitupa njia. Aliwaita wabunifu. Sisi tunawaita wajanja wa mjini, na kwetu hilo si tusi, ni sifa ya mkwe.

Na msiniambie ndivyo tulivyoumbwa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 chama tawala, CCM, kikakaa Zanzibar kikalegeza. Katikati hapo, 1983, Waziri Mkuu Sokoine aliposhika walanguzi, marehemu bibi yangu alifukia katoni mbili za sabuni ya mche shambani usiku, akitetemeka kama mwenye maiti. Haukupita muda mrefu milango ya biashara ikafunguliwa, na sabuni ya namna ile ile ikawa inapangwa kibarazani mchana kweupe. Bibi alikufa anaitwa mfanyabiashara. Ni sisi tuliosema ile ni dhambi, na ni sisi tuliosema basi.

Kwa hiyo tunaweza. Haya, niiteni mzungu.

Ingawa hata uzungu wenyewe umenishinda. Desemba iliyopita nilikuja likizo, nikafika kwenye taa za Magomeni, mguu ukagoma. Nikasimama nasubiri kijani, gari lenyewe liko mbali kule. Watu wakanipita kushoto na kulia, wengine wananigeukia. Bodaboda mmoja akasimamisha pikipiki, akanitazama kwa huruma kabisa:

“Dada, umepotea? Unatafuta nani?”