Mfumuko wa bei niliukariri Bongo, nimekuja kuuelewa Houston

Alhamisi ya tarehe 10 Aprili 2025, saa moja na nusu jioni, mwalimu wetu wa uchumi alichora ubaoni viduara vitano, akafuta viwili, akaligeukia darasa: "Hili ndilo fungu la nyanya la mama yake." Akaninyooshea kalamu. Darasa zima likageuka kuniangalia, na mwenzenu nikajikuta nachekacheka kama mtoto aliyetajwa wa kwanza siku ya kufunga shule.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Nasoma chuo cha miaka miwili hapa Houston, vile vyuo vya jioni vya watu wazima wenye kazi na watoto. Usiku nabeba boksi, na sisemi kwa mafumbo, ni maboksi kweli, kwenye ghala. Utangulizi wa uchumi jumla ni somo la lazima kwa sisi wa uhasibu, na nilipoliona kwenye ratiba nikajua hapa napumzika. Nimesoma HGE mimi, yaani Historia, Jiografia na Uchumi. Miaka miwili ya uchumi, kidato cha tano na cha sita, nikatoka na B. Maana ya mfumuko wa bei naijua kwa Kiingereza neno kwa neno, ukiniamsha saa nane usiku nakutajia bila kuruka koma.

Jaribio la kwanza likaja. Swali: mshahara wako umepanda kwa asilimia 3, bei zimepanda kwa asilimia 8, eleza kilichokupata. Nikashusha maana. Nikashusha aina, ule wa mahitaji kuvuta bei na ule wa gharama kuisukuma. Nikashusha sababu tano na athari sita, vichwa vya habari nimevipigia mstari kwa rula. Nikapata 2 kati ya 10. Pembeni mwalimu kaandika: haya yote ni kweli, lakini wewe umepatwa na nini?

Nilikaa kwenye gari pale maegesho nikaisoma ile karatasi mara tatu. Nimepatwa na nini? Nimefulia, ndicho kilichonipata! Kwenye hati ya mshahara nimeongezeka, gengeni nimepungua. Swali hilo mama yangu, ambaye hakumaliza darasa la saba, angelijibu huku anachambua mchicha.

Mama ana genge Mbagala, Dar es Salaam. Wa nyumbani mnajua, sina haja ya kueleza sana. Fungu lake la nyanya lilikuwa mia tano mwaka niliopanda ndege, na ni mia tano mpaka leo. Kinachobadilika ni hesabu ya ndani: tano, halafu nne, halafu siku mzigo ukija ghali tatu, na zikiwa tatu anaitanguliza ile kubwa mbele ili fungu lijae machoni. Mteja anaona, mama anajua kwamba mteja ameona, hakuna anayesema kitu. Andazi ni hivyo hivyo. La mia mbili limebaki la mia mbili, ila sasa ukilipuliza linaruka.

Sasa Alhamisi ile takwimu za bei za hapa Marekani zilikuwa zimetoka asubuhi yake, na mwalimu akaja nazo darasani. Mfumuko kwa mwaka ulioishia Machi: asilimia 2.4. Mayai peke yake: yamepanda kwa zaidi ya asilimia 60, wastani wa dazeni dola 6.23. Piga hesabu kwa shilingi, ni zaidi ya 16,000 kwa mayai kumi na mawili, hata nusu trei hayafiki. Dada mmoja anayekaa mbele yangu akaruka: hiyo 2.4 wameitoa wapi, hawa hawanunui mayai? Mwalimu akatulia, akaeleza kwamba mfumuko unapimwa kwa kapu zima la vitu watu wanavyolipia, kodi ya nyumba imo, mafuta yamo, bima imo, na kila kitu kina uzito wake. Mafua ya ndege yameua kuku, mayai yamekuwa ghali, lakini kitu kimoja kupanda bado si mfumuko, ni kitu kimoja kimepanda. Kisha akauliza: je, kuna bei inayoweza kupanda bila bei kubadilika?

Mkono wangu ulinyanyuka kabla sijauruhusu.

Nikawaeleza fungu. Akafurahi yule mzee, mpaka akavua miwani. Akasema hata huku wenye kazi ya kukusanya bei hufuatilia ujazo: pakiti ikipungua na bei ikabaki palepale, kwao hilo ni ongezeko la bei. Kisha akaniuliza, karani wa takwimu akifika kwa mama yako, aandike nini? Nikamwambia aje na mizani, na aje mapema, kabla mama hajapanga.

Hapo ndipo furaha yangu ilipogeuka ikawa hasira, njiani narudi. Kwa sababu pale kidato cha tano tulikuwa zaidi ya themanini. Watoto wa magenge, wa maduka, wa mashamba ya tumbaku, wa ngalawa. Kila mmoja wetu alishatumwa sokoni na hela isiyotosha. Miaka miwili mizima hakuna siku tuliyoulizwa kwetu kitunguu bei gani. Kueleza uhaba, kitabu kilituambia nchi ichague kati ya bunduki na siagi. Siagi! Bweni zima tulikuwa na kopo moja la Blue Band, na mwenye nayo aliifungia kwenye tranka kwa kufuli mbili. Uhaba ulikuwa umelala nasi chumba kimoja, halafu asubuhi tunauandika kwa Kiingereza kutoka ubaoni kama habari za nchi za watu. Na ole wako uulize kwa Kiswahili, unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako akikiongea.

Najua mtakavyosema. Nimewasikia kabla hamjaandika. "Mbeba boksi kakaa madarasa mawili keshakuwa gavana wa Benki Kuu." Sawa, boksi nabeba, na boksi hilohilo ndilo linalolipa ada, huku mkopo naukwepa kama ukoma. "Umesahau ulikotoka." Ndugu yangu, post nzima nazungumzia genge la Mbagala, nimesahau wapi?

Kuna wa tatu, huyu namheshimu, atasema nalinganisha darasa la watu ishirini na tano na darasa la watu themanini. Kweli kabisa. Mwalimu wangu wa kidato cha tano alikuwa na mikondo mitatu, vitabu vya kuhesabika, na mtihani wa taifa unaomsubiri mlangoni. Na yeye alikaririshwa, akafaulu kwa kukariri, akaajiriwa kwa kufaulu. Angeanza kutuuliza habari za vitunguu, silabasi ingemalizika lini? Simlaumu yeye. Lakini viduara vitano, jamani, vinahitaji chaki moja. Hata kipande.

Halafu yupo wa nne, na huyu amenichoma: "Mpaka Mzungu akusifie ndiyo unaona fungu la mama yako lina maana." Nimelala na hiyo siku mbili. Ina ukweli ndani yake. Lile fungu nimelipanga kwa mikono yangu miaka mingi, sikuwahi kuliona kama elimu. Yule mzee hajui Mbagala iko upande gani wa dunia. Alichofanya ni kuuliza tu, akasubiri jibu. Sasa mnataka nijifanye sikufurahi?

Msidhani nawaona wa huku wana akili kuliko sisi. Wiki ileile kijana mmoja, miaka kumi na tisa, mtu wa kugonga kadi bila kuangalia bei, alilalamika kwamba serikali inadanganya: mwaka 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, sasa ni 2.4, mbona vitu havijashuka? Nusu ya darasa wakatikisa vichwa, wanaona ana hoja. Nikamwambia bei bado zinapanda, zimepunguza mwendo tu. Hilo nalijua kwa sababu nililikariri, nikiri. Lakini nalijua pia kwa sababu nimepanda daladala. Nauli imeshuka lini? Mtoto wa Bongo humdanganyi kwamba mfumuko ukipungua bei zinarudi.

Na ya ajira pia. Kwa hesabu za huku, ukifanya kazi ya kulipwa saa moja tu katika wiki wanayokuhesabu, wewe una kazi. Ukisaidia biashara ya familia bila malipo saa kumi na tano au zaidi, una kazi pia. Ili uitwe huna ajira, kwa kawaida lazima uwe umeitafuta ndani ya wiki nne zilizopita. Nikamfikiria mdogo wangu, ambaye ukoo mzima unasema "yupo yupo tu". Anaamka saa kumi kwenda kubeba mzigo wa mama sokoni, siku saba kwa wiki. Kwa vitabu vya Marekani ni mfanyakazi kamili. Nimempigia kumpongeza, akasema nimtumie hela.

Turudi kwenye Kiswahili maana hapo ndipo pananiuma zaidi. Tunaambiwa lugha yetu haina maneno ya elimu hii. Wiki ya tano mwalimu aliandika ubaoni MV = PQ. Ujazi wa fedha, yaani fedha yote iliyopo, mara kasi yake ya kuzunguka, ni sawa na bei mara vitu vilivyouzwa. Wenzangu walikodoa macho kwenye ile V, hawaelewi fedha inazungukaje. Mimi nikacheka peke yangu. V ni ile ya mama kila nikipiga simu: "Mwanangu, hela haizunguki." Hasemi hela haipo. Anasema haizunguki, na hayo ni mambo mawili tofauti, mchumi yeyote atakwambia. Vyuma vilipokaza miaka ile, mtaa mzima ulikuwa unazungumzia V kuanzia asubuhi mpaka jioni, wakubwa wakadhani ni kulalamika.

Kila Juni Waziri wa Fedha anasimama Dodoma anasoma bajeti kwa Kiswahili: pato la taifa, nakisi, ujazi wa fedha, deni la taifa. Kijiweni wanaisikiliza redioni na kumbishia mstari kwa mstari. Januari 2024 Benki Kuu ilipoanza kuendesha sera ya fedha kwa riba yake, asilimia 5.5, kisha 6 mwezi wa Aprili, taarifa za Kiswahili zilikuwepo. Bodaboda anajua Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatoa bei mpya za mafuta, Jumanne yake anajaza tangi. Hayo ni matarajio ya bei, nimeyasoma sura ya kumi na moja kwa kitabu cha bei mbaya. Maneno yapo, watu wapo, mjadala upo. Mtoto huyohuyo akifika mlango wa sekondari anaambiwa yaache nje, aingie na Kiingereza ambacho hata anayemfundisha anakitafuta. Sera ya elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Iliandika.

Mtasema mbona wewe umeelewa kwa Kiingereza hapo Houston. Ndiyo, darasani ni Kiingereza. Lakini nilielewa nilipoulizwa kitu nilichokijua tayari, na nilikijua kwa Kiswahili, gengeni, nikiwa na miaka tisa, nazomewa kwa kurudisha chenji pungufu.

Na sijifanyi mjuzi. Desemba 2024, kabla sijaanza somo hili, nilimtumia mama dola 200 kama kawaida. Katikati ya mwaka dola ilikuwa inakaribia shilingi 2,700, akawa anapokea kama 540,000. Desemba shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka mpaka karibu 2,400, akapokea kama 480,000. Elfu sitini hazionekani. Mama hakusema kitu siku tatu, halafu akamtuma shangazi aniulize kwa upole kama nimeoa huku kimyakimya. Nikaanza kumweleza habari za thamani ya sarafu kwa maneno ya kidato cha sita, naongea mwenyewe sijisikii. Mama akaichukua simu kwa shangazi, akasikiliza, akanikata: "Kwa hiyo shilingi imepanda, mimi nimeshuka." Mimi na B yangu tukanyamaza.

Jumapili nimempigia kumwambia fungu lake limechorwa ubaoni Marekani. Hakushtuka nilivyotegemea. Aliuliza huyo mwalimu alichora ngapi. Nikamwambia alianza na tano, akafuta mbili. Nikasikia anamhudumia mtu, mfuko unachanwa, "asante mama, karibu tena," kisha akarudi kwenye simu.

"Tatu ni sawa," akasema. "Ila mwambie ya tatu siku hizi ni ile iliyoanza kulainika."