Mrudisheni Verlander Detroit

Jana usiku kazini, saa ya mapumziko, kijana mmoja wa zamu yetu, Mkongo wa Bukavu ambaye besiboli nimemfundisha mwenyewe, aliniambia kuhusu Justin Verlander, mrushaji aliyewahi kuwa wa Tigers, timu yetu ya Detroit: "Mzee, huyo Verlander mwache apumzike. Februari 2026 anatimiza miaka 43. Tigers wanatafuta mrushaji, hawatafuti babu." Chakula kikanishinda. Nimerudi nyumbani alfajiri, usingizi hauji, naandika.

Tigers wamsajili Justin Verlander. Mkataba wa mwaka mmoja, tena mapema, kabla wengine hawajatuwahi.

Nitaambiwa ni mapenzi tu. Ni kweli nampenda. Juni 12, 2007 nilikuwa naosha vyombo mgahawani, sijamaliza hata mwaka Marekani, na mchezo huu nilikuwa siuelewi. Televisheni ndogo ilikaa juu ya friji, ikionyesha Tigers na Brewers wa Milwaukee. Ilipofika inningi ya 8 (mechi ina vipindi 9 hivyo, kila timu inapata zamu ya kupiga) mpishi alikuwa ameshazima jiko. Hakuna aliyethubutu kutamka kwamba Brewers hawajapata hiti hata moja, yaani hakuna aliyeupiga mpira akafika salama, maana ukilitaja unalitia nuksi. Inningi ya 9, Verlander, wakati huo kijana wa miaka 24, bado alikuwa anarusha mpira unaozidi maili 100 kwa saa. Wa mwisho ulipaa upande wa kulia, Magglio Ordóñez wa Tigers akaudaka, mpishi akanikumbatia povu likiwa limenijaa mpaka kwenye viwiko. Tangu siku ile mimi ni mtu wa Detroit.

Lakini mapenzi hayamtoi mpigaji. Mimi naongelea inningi.

Mwaka huu wa 2025 tumeumia vipi? Julai Guardians wa Cleveland, wapinzani wetu wa kanda, walikuwa nyuma yetu kwa mechi 15 na nusu. Kumi na tano na nusu! Mwisho wa Septemba wakaubeba ubingwa wa kanda. Wapigaji walilala, sawa, lakini mimi niliona warushaji wakiisha mmoja mmoja. Jackson Jobe alipasuliwa kiwiko, Reese Olson bega likamtoa Julai mpaka mwisho wa msimu. Tarik Skubal, mrushaji wetu bora, anarusha kila baada ya siku nne au tano, na siku zilizobaki kocha wetu A.J. Hinch alikuwa anaungaunga: huyu inningi mbili, yule moja, mwingine amalizie. Ukifanya hivyo Aprili unaonekana fundi. Ukifanya hivyo miezi sita, warushaji wa akiba wanafika Septemba mikono imekufa. Kisha ikaja ile mechi ya mtoano ya Oktoba 10 kule Seattle. Skubal aliwatoa wapigaji 13 kwa straiki tatu tatu katika inningi 6, akatoka, na sisi tukaburuzwa mpaka inningi ya 15. Hata Jack Flaherty, ambaye kazi yake ni kuanza mechi, aliitwa kuziba. Tukafungwa 3-2. Nilizima televisheni nikakaa gizani.

Sasa mtazameni huyo anayeitwa babu. Msimu huu wa 2025 na Giants wa San Francisco ameanza mechi 29, amerusha inningi 152, na wastani wake ni kufungwa pointi 3.85 kwa kila inningi 9, na zikiwa chache ndiyo bora. Mpira wake wa kasi bado unakaribia maili 94 kwa saa. Mnaonikumbusha kwamba ameshinda mechi 4 na kupoteza 11, zitazameni hizo mechi: ni mara ngapi alitoka akiwa amefungwa pointi chache, na wenzake hawajamfungia kitu? Inningi 152 ni usiku mwingi ambao wale wa akiba wanakaa chini, wanapumzika. Hicho ndicho tulichokikosa.

Mtanitajia Charlie Morton, mrushaji mkongwe mwingine, nakubali. Tulimchukua Julai akiwa na miaka 41, akapigwa sana, Septemba tukamwachia. Iliuma. Na mwaka 2024 Verlander mwenyewe alisumbuliwa na bega na shingo, wastani ukapanda mpaka 5.48. Hatari ipo, siikatai. Ndiyo maana nasema mwaka mmoja.

Pesa? Giants walimlipa dola milioni 15. Mrushaji wa daraja la juu leo anataka zaidi ya hapo, tena kwa miaka mingi.

Na mwaka wenyewe ni 2026. Baada ya msimu huo Skubal anakuwa mchezaji huru, na sioni dalili ya mkataba mrefu. Detroit haijachukua ubingwa wa dunia tangu 1984. Wanangu wamezaliwa hapa, wamekua hapa, hawajauona. Hinch alimfundisha Verlander kule Houston, wanajuana, hakuna wa kumtambulisha kwa mwenzake.

Agosti 31, 2017, karibu na saa sita usiku, tulipompeleka Houston, tulipewa wachezaji vijana watatu. Aliyebaki ni mmoja, mdakaji Jake Rogers. Nataka nimwone Rogers amechuchumaa nyuma ya kibao cha mpigaji pale Comerica Park, uwanja wetu, ameinua glovu, na anayemrushia ni yule yule aliyebadilishwa naye. Kijana wa Bukavu nimeshamwambia: siku hiyo ikifika, aombe ruhusa kazini. Tiketi yake nalipa mimi.