Mama wa Kollwitz: nani anaitwa mhanga katika Neue Wache?

Katika barabara ya Unter den Linden, katikati ya Berlin, kuna jengo dogo la mawe lenye nguzo nzito mbele, ambalo Karl Friedrich Schinkel alilisanifu likajengwa kati ya 1816 na 1818 liwe kituo cha walinzi wa mfalme wa Prussia. Jina lake ni Neue Wache. Ndani hakuna kiti wala picha ukutani. Kuna sakafu ya mawe, sanamu moja ya shaba, na tundu la duara katika paa, lililo wazi juu ya sanamu hiyo, hivyo mvua ikinyesha humnyeshea mama aliyeketi pale chini, na theluji ikianguka hutua juu ya nguo aliyojitanda. Mwanawe aliyekufa amejikunja katikati ya magoti yake. Mkono mmoja wa mama umeshika mkono wa maiti. Mwingine ameuinua hadi karibu na kinywa, kama afanyavyo mtu aliyezama katika fikra.

Sanamu hiyo ni kazi ya Käthe Kollwitz (1867–1945), na tangu tarehe 14 Novemba 1993 imekaa katika kumbukumbu kuu ya taifa la Ujerumani. Sakafuni, mbele ya mama huyo, yameandikwa maneno yasemayo kwamba mahali hapo ni pa wahanga wa vita na utawala wa mabavu. Yaliyozua mabishano makali mwaka ule ni mambo hayo mawili yakiwa pamoja, yaani mama na maandishi, na kwa maoni yangu mabishano yale hayajazeeka.

Uamuzi wa kuweka sanamu hii ulikuwa wa Kansela Helmut Kohl mwenyewe, bila ya wasanii kushindanishwa. Hata hivyo hoja zake hazikuwa dhaifu. Ujerumani mbili zilikuwa zimeungana mwaka 1990, na jengo lenyewe lilikuwa limebeba alama za kila utawala uliopita: mwaka 1931 msanifu majengo Heinrich Tessenow aliligeuza kumbukumbu ya waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wanazi wakaweka msalaba ndani yake, na kuanzia 1960 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalifanya kumbukumbu ya waliouawa na ufashisti. Ilihitajika sura ambayo watu wa pande zote mbili wangeitambua, na Kollwitz alikuwa miongoni mwa wasanii wachache walioheshimiwa Mashariki na Magharibi kwa pamoja. Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sanaa cha Prussia. Mwaka 1933 Wanazi wakamlazimisha atoke. Alichora maskini wa Berlin, wale wale ambao mumewe, Karl, aliwatibu katika mtaa wao wa Prenzlauer Berg. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, na mjukuu wake, aliyepewa jina hilo hilo, aliuawa Urusi mwaka 1942. Ni vigumu kumtafuta Mjerumani mwingine mwenye haki zaidi ya kusema juu ya msiba wa vita. Tena mgeni yeyote akiingia mle, hata asiyejua Kijerumani, huelewa anachokiona. Mtu aliyepata kukaa matanga hahitaji kusomewa.

Upande wa pili uliongozwa na watu wazito, akiwemo mwanahistoria Reinhart Koselleck. Walianza na ukubwa. Kollwitz alianza kuifinyanga kazi hii mwaka 1937, ikiwa na kimo cha sentimita 38 tu, na mchongaji Harald Haacke ndiye aliyeikuza mara nne hivi kwa ajili ya jengo hili. Kitu kilichofinyangwa kwa ajili ya chumba cha mfiwa kikafanywa kitu cha mashada ya maua ya wakuu wa nchi. Pili, mama mwenye maiti ya mwanawe ni sura ya Bikira Maria na Yesu, ambayo Wakristo wameichonga kwa karne nyingi; je, inawezaje kuwalilia Wayahudi milioni sita? Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Katika sanamu hii mwanamume ndiye aliyekufa na mwanamke ndiye aliyebaki kumlilia, lakini katika kambi za mauaji akina mama waliuawa pamoja na watoto wao, na hakubaki mtu wa kumshika maiti mkono.

Kisha lipo neno lenyewe. Kijerumani kina neno moja, Opfer, kwa yule anayejitolea uhai wake na kwa yule anayeuawa bila hiari yake. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, maana neno letu lina utata ule ule: tunasema askari amejitoa mhanga, na hapo hapo tunasema wahanga wa mafuriko. Nimetafsiri maandishi yale kwa neno hilo kwa makusudi, ingawa ningeweza kutumia waathirika. Neno likiwa pana kiasi hicho, askari aliyekufa akiitetea serikali ya Hitler na mtoto aliyeuawa na serikali hiyo wanaingia chini ya paa moja, na asiyejua historia anaweza kutoka nje akidhani kwamba msiba wao ulikuwa mmoja.

Ignatz Bubis, aliyekuwa kiongozi wa Baraza Kuu la Wayahudi nchini Ujerumani, alilitaka jambo hili lirekebishwe, na matokeo yake ni bamba la shaba lililowekwa mlangoni, linalotaja makundi ya waliouawa: Wayahudi, Wasinti na Waroma (jamii zilizozoeleka kuitwa Wajipsi), waliouawa kwa ugonjwa au udhaifu wao, wapinzani wa utawala, na wengineo. Naona ni jambo la haki, ingawa bamba la nje linakiri kwamba maandishi ya ndani hayakutosha. Na hata orodha hiyo ndefu haisemi neno juu ya waliokufa katika makoloni, wakiwemo watu wa kusini mwa Tanganyika walioangamia katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Pamoja na yote hayo, nadhani wakosoaji walikosea katika kuisoma sanamu kama Bikira Maria, na Kohl naye alikosea katika kuisoma kama huzuni safi isiyo na lawama. Peter alipotaka kujiunga na jeshi mwaka 1914 alikuwa na miaka 18, na sheria ilidai ruhusa ya baba. Baba alikataa. Mama ndiye aliyemwombea mwanawe mpaka ruhusa ikatoka, na kijana akauawa katika wiki zake za kwanza vitani. Kollwitz aliishi na jambo hilo miaka 30. Alipoanza kuifinyanga kazi hii aliandika katika shajara yake kwamba mama huyu hayumo tena katika maumivu, bali katika kutafakari. Ukijua hayo, ule mkono ulio karibu na kinywa unasomeka vingine. Kinywa hicho ndicho kilichomwombea ruhusa. Huyu si mama aliyenyang'anywa mtoto tu. Ni mama anayejiuliza alichangia nini katika kumpoteza, na swali hilo lilikuwa la taifa zima mwaka 1945. Kwa hiyo singeiondoa sanamu. Ningeyaondoa maandishi ya sakafuni, nikaacha jina la Peter Kollwitz na mwaka wa kifo chake, ili mtu ajue mama huyu ni nani na analia nini, na asidhani kwamba analia kwa niaba ya kila mtu. Waliouawa katika kambi wamejengewa kumbukumbu zao wenyewe, na ile ya Wayahudi wa Ulaya, yenye nguzo 2,711 za zege, ilifunguliwa mwaka 2005 mwendo mfupi kutoka hapo.

Mwaka 1969 serikali ya Ujerumani Mashariki ilizika ndani ya jengo hili mabaki ya askari asiyejulikana na ya mfungwa asiyejulikana wa kambi ya mateso, pamoja na udongo kutoka medani za vita na kambi. Waliokuja baadaye hawakuyafukua. Watu hao wawili wamelala bado chini ya mama huyo, na juu ya sakafu wana neno moja tu kati yao.