Basi la Dadaab na Fulana Zake

Barazani kwetu Kisauni, Mombasa, mazungumzo siku hizi ni mamoja. Kikundi cha vijana wa mtaa, wengi wao wanafunzi wa vyuo pamoja na walimu wawili watatu, kinataka kukodi basi likizo ya Agosti kiende kujitolea kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Safari ni ya siku tano, na mbili kati yake zitaishia njiani: Malindi, Garsen, Hola, Garissa, halafu kilomita mia moja hivi za mwisho. Wakifika watafundisha watoto, watagawa unga na nguo, na kupaka rangi madarasa. Mchango unaendelea, na fulana zimeshachapishwa, mgongoni zimeandikwa WASAIDIZI WA WAKIMBIZI kwa herufi ambazo mtu wa ng'ambo ya barabara anazisoma bila miwani.

Watu wazima wamegawanyika. Wapo wanaowaombea dua, na wapo wanaosema huo ni utalii uliovishwa kanzu ya sadaka. Mimi nilipofikiwa na daftari la mchango nilitanguliza maswali kabla ya noti, na sikuongeza marafiki siku hiyo.

Vijana wana hoja nzito kuliko wakubwa wao wanavyokubali. Mtu wa Mombasa huijua Dadaab kwa taarifa ya habari tu, na taarifa yenyewe haiji ila kuna balaa. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, jina la kambi hiyo lilitajwa kila palipotajwa ugaidi. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuifunga, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia hatua hiyo kwa kuwa ilikiuka Katiba. Sasa mchukue kijana wa Mtopanga, mkalishe siku mbili na mwenzake wa rika lake aliyezaliwa Ifo, mojawapo ya kambi za Dadaab, aliyesoma mtaala uleule wa Kenya, akahangaika na karatasi ileile ya hesabu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Akirudi hapa na mtu akasema “hawa warudishwe kwao”, angalau atauliza kwao ni wapi. Faida hiyo huwezi kuipima kwa magunia, lakini ipo.

Na shida yenyewe haikuzushwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na misaada yake ya nje nayo ikakatwa. Familia zilizokuwa zimeshahojiwa, zimeshapimwa afya, zikingoja ndege tu, zikabaki na mabegi yaliyofungwa. Mgao wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ukapunguzwa, na Machi mwaka huohuo watu wa Kakuma, kambi nyingine kubwa ya Kenya, wakaandamana. Katika hali hiyo, kumwambia mtu asipeleke chochote kwa kuwa hajasoma nadharia ya misaada ni ukatili wa aina yake.

Lakini twende kwenye hayo magunia. Bajeti inasema arobaini. Dadaab ina watu zaidi ya laki tatu, kwa hiyo arobaini hayashibishi kambi. Yanachoweza kufanya ni kuzua foleni, na baada ya foleni, ugomvi wa nani kapata na nani kakosa, ugomvi utakaobaki pale basi likisharudi Garissa. Wengi huku hawajui pia kwamba kambini kuna soko. Kakuma mwaka 2015, na baadaye Dadaab, kulianzishwa Bamba Chakula: sehemu ya mgao iliingia kwenye simu, mtu akaenda kununua dukani, na mwenye duka mara nyingi ni mkimbizi mwenzake. Utafiti wa mwaka 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 huko Kakuma. Hagadera, kambi nyingine ya Dadaab, nako kuna soko ambalo muuza nguo wa soko letu la Kongowea angejiona yuko nyumbani. Sasa sisi tunabeba mitumba ya Kongowea kutwa nzima barabarani, tunakwenda kuigawa bure mlangoni kwa mama anayeuza mitumba.

Madarasa ni vilevile. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya walimu wa shule za kambini ni wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho na si mshahara, kwa kuwa vibali vya kazi vilikuwa adimu kama mvua ya huko. Mwalimu wa namna hiyo amewafundisha watoto walewale miaka sita. Wiki hiyo ataambiwa akae pembeni, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Mombasa awaimbishe wimbo. Yeye atatabasamu, na picha itapigwa. Na hapo kwenye picha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Nilipouliza nani ameandaa fomu hizo, kikao kikahamia kwenye ajenda ya chakula cha njiani.

Suala la usalama nalipitia haraka. Tangu wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, walipotekwa nyara pale Oktoba 2011, mgeni haendi Dadaab kama aendaye Mtwapa. Kuna kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi na kuna ulinzi wa polisi. Kila mgeni ni mzigo kwa mtu fulani, na mtu huyo hayumo kwenye bajeti yetu.

Nilichokaa nacho zaidi kilitoka kwa mama mmoja jirani ambaye hakuwa hata mwanachama wa kikao. Aliwakumbusha vijana kwamba wakimbizi walikuwa hapahapa. Na kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Somalia ilipovunjika, watu walikuja kwa majahazi na vyombo vibovu, na Mombasa ikawa na kambi zake: Utange, Benadir, Swaleh Nguru, Hatimy. Miongoni mwao walikuwamo Wabarawa, watu wa mji wa Barawa huko Somalia, wasemao Chimwini, lahaja ya Kiswahili ambayo mzee wa Mji wa Kale akitega sikio ataishika walau nusu. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo kambi zote za hapa zilikuwa zimefungwa. Baadhi ya watu walikwenda Marekani, na wengi walipakiwa mabasi kwenda Kakuma na Dadaab. Yule mama anakumbuka watu wa Utange wakichota maji kisimani kwao, na hafichi kwamba wenyeji walinung'unika kuhusu kuni na maji, kisha siku ya mabasi wakalia.

Kwa hiyo kikundi chetu kinakwenda kutoa msaada mahali ambapo huenda kukawa na bibi aliyeishi mwendo wa matatu moja kutoka baraza hili, anayeijua Bamburi kabla ya hao vijana kuzaliwa. Hili kwangu linabadilisha swali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumemweka mgeni miaka thelathini na kitu bila kumpa jembe, halafu kila likizo tunakwenda kumpakulia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango wa kazi, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo mwenyeji na mkimbizi watatumia shule moja na hospitali moja. Karatasini ni vizuri. Lakini mkimbizi akitaka kutoka kambini bado anahitaji kibali cha safari, na wale waliomo mjini humu, Wakongomani na Wasomali tunaopishana nao Majengo, wanazungushwa madirishani na makarani wasiojua kadi ya mkimbizi inaingizwa kwenye kisanduku kipi. Kijana mwenye nauli ya matatu na subira ya foleni anaweza kumsindikiza mmoja wao Jumatatu hii. Hatapata picha.

Hata hivyo sikusema wasiende. Nilisema waende na mabegi mepesi. Fedha za unga zinunue unga kwa wenye maduka wa kulekule, na walengwa wachaguliwe na viongozi wa mitaa ya kambi. Rangi wapewe mafundi wa huko pamoja na ujira. Na walimu wetu wakae na walimu wao juu ya karatasi za mitihani iliyopita, kisha waendelee kwa simu hadi Novemba, kwa sababu mtihani hauko Agosti.

Kikao cha juzi kimekubali la unga na la mitihani. La rangi limekwama, kwa kuwa wapo wanaoona kwamba bila brashi mkononi hawatakuwa wamejitolea. Kuhusu fulana, mweka hazina anasema hela yake hairudi. Msichana mmoja wa nyuma akapendekeza zivaliwe ndani nje.