Mzee Dubs hakusinzia

Picha ile imerudi tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mzee wa Baraza la Malodi la Uingereza, macho yamefumba, kidevu kifuani. Vicheko tele. Binamu yangu mmoja akahitimisha kwamba hata Seneti yetu ivunjwe, mabaraza ya juu yote ni vitanda vya wazee. Kundini nilinyamaza, shangazi zangu wamo. Hapa sinyamazi.

Someni michango ya bungeni ya Lord Alf Dubs, mmoja wa wazee wa baraza hilo. Alizaliwa Prague mwaka 1932, baba yake Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka 6, mama yake alimpandisha treni ya watoto waliokuwa wakikimbizwa Uingereza kabla Hitler hajawafikia. Mwaka 2016, mtoto huyo akiwa na miaka 83, alisimama barazani na kifungu kimoja cha kuongezwa kwenye mswada wa uhamiaji: Uingereza ipokee watoto wakimbizi 3,000 waliokuwa Ulaya bila mzazi wala mlezi. Malodi wakakipitisha kwa kura 306 dhidi ya 204. Kule kwa wabunge kikaanguka, 294 kwa 276.

Mwingine angeitisha waandishi wa habari alie mbele ya kamera. Dubs alirudi na kifungu kile kile, ila idadi ameiondoa: serikali iitaje yenyewe, ikishashauriana na serikali za mitaa. Ukiikataa hiyo utasema nini? Kwamba hutaki hata mtoto mmoja? Malodi wakapitisha tena, Waziri Mkuu Cameron akanywea. Mimi mchango wa bungeni naupima hivyo. Mdomo kila mtu anao. Wa kuandika sentensi ambayo serikali inashindwa kuikwepa ni wachache.

Ingawa kukwepa, walikwepa. Februari 2017 serikali ikatangaza kwamba watoto 350 wanatosha. Miezi miwili baadaye ikakumbuka kuwa kuna nafasi nyingine 130 zilizotolewa na halmashauri ambazo hazikuhesabiwa. Kosa la kiofisi, tuwieni radhi. Watoto 130, wamepotea kama risiti za teksi! Jumla ikawa 480. Na hawa ndio hutufundisha utawala bora.

Najua, hakuna aliyempigia kura. Wapiga kura wa Battersea, jimbo lake la London, walimwangusha mwaka 1987, wakamkataa tena 1992, akateuliwa Lodi 1994. Mfumo huo siupendi, na posho zao za kila siku sizitetei hata kidogo. Lakini huyo mmoja wamempata.

Januari 2020 alirudi tena, sasa akitaka watoto wakimbizi wasipoteze haki ya kuungana na ndugu zao walioko Uingereza baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Malodi walimuunga mkono, 300 kwa 220. Lakini Waziri Mkuu Johnson alikuwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo. Siku moja baada ya kura hiyo ya Malodi wabunge wakakifuta kifungu, na Malodi wakakubali yaishe. Hapo nawalaumu wao, si Dubs. Mwaka 2016 ni kule kurudisha mara ya pili ndiko kulikoleta wale 480.